Kukausha na Kuhifadhi Uyoga Nyumbani kwa Usalama
Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili katika eneo la Washington, Maryland na Virginia

Mwongozo huu umetayarishwa kwa ajili ya familia zinazotumia Kiswahili katika Jiji la Washington na katika kaunti jirani za Maryland na Virginia. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo uyoga huanikwa juani msimu wa mvua, ukatunzwa, na ukaliwa mboga nyingine zinapoadimika. Ujuzi huo ni mali, na mwongozo huu hauna nia ya kuufuta. Nia yake ni kueleza ni sehemu gani ya ujuzi huo inayofaa hapa Marekani, ni ipi inayohitaji kurekebishwa, na ni ipi inayoweza kuua ikitumiwa kama ilivyo.

Mambo manne ya kukumbuka kabla ya yote

1. Kukausha huondoa maji tu, sumu hubaki. Uyoga wenye sumu ukikaushwa, ukachemshwa au ukagandishwa, hubaki na sumu yake.
2. Kausha uyoga ulionunuliwa dukani au kwa mkulima anayeuza kihalali. Usikaushe uyoga uliouokota mwenyewe.
3. Uyoga usilale ukiwa nusu mbichi. Ama ukauke kabisa, ama upikwe siku hiyo hiyo.
4. Ukihofia sumu, piga 1-800-222-1222 mara moja, saa yoyote, hata kama hakuna dalili. Mtu akizimia, akitapatapa au akishindwa kupumua, piga 911.

Uyoga umetoka wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa kuwa kosa likitendeka hapa hakuna chombo cha kukaushia kinachoweza kulirekebisha.

Katika Afrika Mashariki na Kongo, uyoga unaopendwa kuliko mwingine ni ule wa mchwa, unaochipua juu ya vichuguu mvua zinapoanza. Uyoga huo hutegemea mchwa wa jamii maalumu, ambao huulima ndani ya vichuguu vyao kama mtu alimavyo shamba. Mchwa wa jamii hiyo wapo Afrika na Asia. Katika mabara ya Amerika hawapo. Kwa hiyo uyoga wa mchwa hauoti hapa. Ukiona kwenye majani ya Silver Spring, Hyattsville au Alexandria uyoga mkubwa mweupe unaokukumbusha ule wa nyumbani, fahamu kwamba huo ni mwingine, hata ukifanana nao kwa umbo, kwa rangi na kwa harufu.

Aghalabu uyoga huo wa kwenye majani huwa ni ule ambao wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Una kofia pana nyeupe yenye magamba ya hudhurungi, nao huota kwenye viwanja vya nyumba na vya michezo wakati wa joto. Ndio unaowadhuru watu wengi kuliko uyoga mwingine wowote katika Amerika ya Kaskazini. Mlaji hutapika na kuharisha sana baada ya saa chache, na mtoto mdogo anaweza kupungukiwa maji mwilini kiasi cha kulazwa hospitali.

Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia, Malawi na Katanga, watu hula aina kadhaa za uyoga wa ukoo wa Amanita, zikiwamo nyeupe. Misitu ya mialoni ya Maryland na Virginia nayo ina uyoga mweupe wa ukoo huo huo, Amanita bisporigera, mzuri wa kutazama, wenye pete shingoni na kikombe kilichojificha chini ya udongo. Huo unaua. Sumu yake, amatoksini, hushambulia ini, wala haiharibiwi na moto, jua wala barafu. Jamaa yake, Amanita phalloides, wenye kofia ya kijani kibichi iliyofifia au ya manjano, ulifika Amerika kutoka Ulaya na una sumu ile ile.

Haya hayajatokea kwa wageni tu. Septemba 2011, baada ya mvua nyingi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown hapa Washington iliwatibu watu waliokula uyoga wa amatoksini waliouokota wenyewe katika eneo hili. Desemba 2016, watu 14 walidhurika kaskazini mwa California. Wote waliokoka, lakini watatu kati yao walilazimika kupandikizwa ini jipya. Hata hivyo, mgeni yumo hatarini zaidi, kwa sababu macho yake yamefunzwa na msitu mwingine. Mwaka 2015, hospitali ya Hannover huko Ujerumani iliwapokea wakimbizi wengi waliokula Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wa kwao. Mwaka 2021, karibu na Warsaw nchini Poland, watoto wawili wa familia moja iliyohamishwa kutoka Afghanistan walifariki baada ya kula uyoga uliookotwa msituni.

Tahadhari kabla ya hatari: nunua. Zaidi ya nusu ya uyoga unaolimwa Marekani hutoka jimbo jirani la Pennsylvania, hivyo uyoga mpya haukosekani madukani kwetu wala haupandi bei kupita kiasi. Uyoga mweupe wa vifungo, ule wa kahawia, shiitake, na ule wenye umbo la chaza ambao wakulima wengi nyumbani huuita mamama, wote hukauka vizuri.

Kwa nini jua la hapa halitoshi

Mtu aliyezoea kuanika uyoga juu ya mkeka huko Iringa au Tabora hushangaa kuona ule alioanika kwenye roshani ya Wheaton umeota ukungu siku ya pili, ilhali joto lilikuwa kali. Jua la hapa lina joto la kutosha. Kinachokosekana ni ukavu wa hewa.

Ili chakula kikauke nje, hewa inapaswa kuwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi (nyuzi 86 za Farenhaiti) au zaidi, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 60. Kiangazi cha Washington kina joto hilo, lakini hewa yake ni nzito kwa unyevu, na usiku chakula hunyonya tena maji yaliyotoka mchana. Zaidi ya hayo, matunda huweza kuvumilia siku kadhaa za kuanikwa kwa kuwa yana sukari na asidi zinazozuia vijidudu. Uyoga hauna kinga hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa kuhifadhi chakula nchini humu hawashauri kuanika mboga juani.

Jambo la kufurahisha ni kwamba majira yanayofaa zaidi hapa ni kinyume cha tulivyozoea. Wakati wa baridi, vipasha joto vinapowaka ndani ya nyumba, hewa ya ndani huwa kavu sana, kavu hata kupasua midomo. Huo ndio msimu wa kukausha uyoga. Wakati wa kiangazi, fanya kazi hiyo katika chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa na madirisha yaliyofungwa, kwa maana kiyoyozi huondoa unyevu pia. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya vifaa vya nyumbani, nacho kitakuepusha na kubahatisha.

Kuandaa uyoga

Chagua uyoga mgumu, usioteleza, usio na madoa meusi wala harufu kali. Osha mikono kwa sabuni, osha kisu na ubao. Suuza uyoga haraka chini ya maji yanayotiririka huku ukiusugua taratibu, kisha ukaushe kwa kitambaa safi. Usiuloweke, kwani utanywa maji ambayo baadaye utalazimika kuyatoa. Kata na utupe mashina magumu kama kuni, hasa ya shiitake. Vikonyo laini vikatwe vipande vifupi.

Kata vipande vya unene ulio sawa, karibu nusu sentimita. Usawa huo una umuhimu kuliko uzuri wake: kipande kinene kitabaki na maji moyoni wakati vyembamba vimekwisha kukauka, na kipande hicho kimoja kinaweza kuharibu chupa nzima.

Kabla ya kuanza, pima uzito wa uyoga wako kwa mizani ya jikoni na uuandike. Uyoga mbichi una maji takriban asilimia 90. Gramu 500 zikikauka ipasavyo zitabaki karibu gramu 50. Utakapomaliza, mizani itakupa ushahidi ambao vidole pekee havitoi.

Vyombo vya kukaushia

Chombo chochote cha kukaushia hufanya kazi mbili: kupasha joto ili maji yatoke, na kupitisha hewa ili maji hayo yachukuliwe. Joto bila hewa hupika. Hewa bila joto huchelewa. Joto linalofaa ni nyuzi 60 za Selsiasi (140 za Farenhaiti).

Cha kwanza: mashine ya umeme ya kukaushia chakula. Hii ndiyo njia salama na rahisi kuliko zote. Ina trei, feni na kipimo cha joto. Mashine zilizotumika huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya mitumba. Kagua waya wake kabla ya kuilipia, na hakikisha feni inazunguka. Panga vipande visigusane, weka joto la nyuzi 60, na utarajie saa 8 hadi 10.

Cha pili: oveni ya umeme. Washa oveni kwa joto la chini kabisa. Weka kipimajoto ndani, kwa kuwa namba iliyoandikwa kwenye kitufe si lazima iwe ya kweli. Ikiwa oveni yako haishuki chini ya nyuzi 93 (200 za Farenhaiti), haifai: itapika uyoga kwa nje na kufungia maji ndani. Panga vipande juu ya wavu wa chuma kisichoshika kutu. Acha mlango wazi sentimita 5 hadi 15, na uweke feni ndogo nje, karibu na mlango, ipeperushe mvuke. Muda unaweza kuwa mara mbili ya ule wa mashine.

Njia hii isitumiwe penye watoto wadogo wanaotambaa au kukimbia jikoni. Usitoke nyumbani wala usilale oveni ikiwa wazi. Kwa oveni ya gesi, tunashauri uache njia hii kabisa: kuiwasha saa nyingi na mlango wazi kunaweza kujaza nyumba hewa ya sumu.

Cha tatu: kabati la feni la kujitengenezea. Hili linawafaa wasio na mashine na wanaotaka kupunguza saa za oveni. Kumbuka kwamba linafanya nusu ya kazi tu. Nusu ya pili humalizwa kwa joto.

Mahitaji: feni ya mraba ya sakafuni, nyavu nne au tano za chuma kisichoshika kutu (zile za kupozea keki zinafaa), kitambaa cheupe cha pamba chepesi kilichofuliwa kwa maji moto, vipande vya mbao safi au vikombe vidogo vya kutenganisha nyavu, na boksi kubwa safi la karatasi ngumu.

Hatua:
1. Futa vumbi lote kwenye mabawa na wavu wa feni. Vumbi hilo ndilo litakalotua juu ya chakula.
2. Kata boksi pande mbili zinazoelekeana, libaki kama pango lililo wazi mbele na nyuma.
3. Tandaza kitambaa juu ya kila wavu, panga vipande safu moja bila kugusana, kisha weka nyavu moja juu ya nyingine ndani ya boksi. Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 kati yake.
4. Simamisha feni upande mmja ulio wazi, ipulize hewa ivuke katikati ya nyavu na kutokea upande wa pili. Usiilaze feni chini ya chakula: matone yataingia kwenye mota.
5. Kila baada ya saa moja au mbili, geuza vipande na ubadilishane nafasi za nyavu.
6. Anza asubuhi. Ifikapo jioni vipande vinapaswa kuwa vimenywea na kuwa kama ngozi. Vihamishie kwenye oveni ya joto la chini, kama ilivyoelezwa hapo juu, hadi vivunjike kwa sauti.
7. Vikiwa bado laini na vyenye maji jioni, usivingojee kesho. Vipike usiku huo.

Mambo ya kuepuka katika chombo cha kujitengenezea:

Wavu wa kuku na wavu wowote uliopakwa zinki. Mipako hiyo inaweza kuwa na madini yenye sumu yanayohamia kwenye chakula. Hali kadhalika epuka nyavu za shaba na za alumini. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.

Vichujio vya hewa vya mashine ya kupasha nyumba. Wengine huvitumia kama trei kwa kuwa vina umbo zuri, lakini vingi vimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zisizopaswa kugusa chakula.

Balbu ndani ya boksi. Mtindo huu wa zamani ulitegemea balbu za waya zinazotoa joto jingi. Tangu Agosti 2023 sheria za Marekani zimeziondoa nyingi sokoni, na balbu mpya hazitoi joto la kutosha. Usijaribu kuziba pengo hilo kwa taa za kupashia vifaranga, kipasha joto cha chumba au kikausha nywele ndani ya boksi la karatasi. Hivyo ndivyo moto unavyoanza.

Jiko la mkaa. Usiwashe kamwe mkaa ndani ya nyumba, gereji au roshani iliyofungwa, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyoonekana wala kunusika, inayoua familia nzima usingizini. Nyumba za hapa zimezibwa dhidi ya baridi. Hazipumui kama jiko la nje la nyumbani. Hakikisha kengele ya moshi na ya monoksidi ya kaboni zinafanya kazi kabla ya kuanza kukausha chochote.

Chumba cha kulala. Uyoga unapokauka hutoa vumbi laini la mbegu zake, hasa ule wa mamama. Vumbi hilo huweza kumsumbua mwenye pumu au mzio. Kausha jikoni, funga milango ya vyumba vya kulala, na usafishe kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kazi.

Utajuaje kwamba umekauka?

Toa vipande vichache vilivyo vinene kuliko vyote, viache vipoe kwa dakika kadhaa, kisha uvipinde. Kipande kilichokauka huvunjika kwa sauti. Kikipinda bila kuvunjika, bado kina maji. Usipime kikiwa cha moto, kwani joto hulainisha na kudanganya.

Pima uzito. Ukiwa ulianza na gramu 500 na mizani ikaonyesha 90, endelea kukausha, hata kama vipande vya juu vinavunjika.

Kuhifadhi

Acha uyoga upoe kabisa. Ukiufunga ukiwa na joto, utatoa jasho ndani ya chupa.

Jaza chupa za kioo zenye kifuniko kinachobana, lakini usizishindilie. Kwa siku 7 hadi 10 za mwanzo, tikisa kila chupa mara moja kwa siku na uitazame kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, au vipande vimelainika, virudishe kwenye joto siku hiyo hiyo. Kipindi hiki cha uangalizi hakigharimu chochote, na ndicho kinachookoa kazi yote iliyotangulia.

Baada ya hapo, weka chupa mahali pakavu, penye giza na baridi. Kabati lililo juu ya jiko au karibu na mashine ya kuosha vyombo halifai, kwani lina joto na mvuke. Katika nyuzi 15 za Selsiasi (60 za Farenhaiti) uyoga mkavu hudumu na ubora wake kwa takriban miezi 6. Katika nyuzi 27 (80 za Farenhaiti), karibu miezi 3. Ukitaka kuutunza kwa muda mrefu zaidi, uweke kwenye friza. Kuuweka kwenye friza kwa saa 48 katika nyuzi 18 chini ya sifuri pia huua wadudu na mayai yao.

Andika kwenye kila chupa aina ya uyoga, duka ulikonunuliwa na tarehe ya kukausha. Maneno hayo machache humsaidia mpishi, na siku mtu akiugua, humsaidia daktari zaidi.

Ukiona ukungu, tupa chupa yote. Usichague vipande vizuri, wala usianike upya: ukungu huacha sumu ambazo jicho halizioni.

Usitie uyoga kwenye mafuta ili uutunze kabatini, uwe mbichi au uliokauka nusu. Mafuta huzuia hewa, na palipokosekana hewa, penye maji na pasipo asidi, bakteria wa botulismi huzaliana na kutoa sumu inayopooza mwili. Sumu hiyo huenda isibadilishe harufu wala ladha. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie mifuko ya kunyonya hewa wala vifuko vya kufyonza oksijeni kwa uyoga ambao hauvunjiki kwa sauti.

Kuutumia

Uyoga mkavu si chakula kilicho tayari. Kukausha hakuui bakteria wote. Huwalaza tu, na maji huwaamsha. Mwaka 2020, uyoga mkavu wa aina ya masikio ya mti ulioingizwa kutoka nje uliwaambukiza watu salmonela katika majimbo kadhaa ya Marekani. Mwaka huo huo, uyoga mbichi mwembamba wa enoki ulihusishwa na maambukizi ya listeria yaliyoua watu wanne. Ugonjwa huo ni hatari hasa kwa wajawazito na wazee.

Kwa hiyo loweka uyoga mkavu kwa maji yanayochemka. Ukihitaji kuuloweka zaidi ya saa mbili, uweke ndani ya friji. Kisha uupike hadi uchemke vizuri, pamoja na maji uliyolowekea ukiyatumia kwa mchuzi. Usiusage ukaunyunyiza mbichi juu ya chakula cha mtoto, mjamzito au mgonjwa.

Dalili, na namna ya kupata msaada

Kinachofanya amatoksini iwe ya hila ni mwendo wake. Mlaji huwa mzima kwa saa 6 hadi 24. Kisha hutapika, huumwa tumbo na kuharisha sana. Baada ya hapo hupata nafuu, akadhani amepona, ilhali ini linaendelea kuharibika. Katika siku zinazofuata macho huwa ya manjano, na mgonjwa huweza kuchanganyikiwa. Nafuu hiyo ya katikati imewarudisha wengi nyumbani walipopaswa kuwa hospitali.

Mtu akila uyoga usiojulikana:

Piga 1-800-222-1222. Ni bure, ni siri, na hupokelewa usiku na mchana. Taja neno "Swahili" na usubiri mkalimani. Huna haja ya kusubiri dalili.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala dawa ya mitishamba kama tiba.

Hifadhi uyoga uliobaki, uliopikwa au mkavu, katika mfuko wa karatasi ndani ya friji, uupeleke hospitali. Ukipata mwingine mahali ulipookotwa, ung'oe mzima pamoja na shina lake la chini.

Mweleze daktari saa mgonjwa alipokula na saa dalili zilipoanza. Taja pia kila aliyekula chakula hicho, hata asiye na dalili.

Hospitalini, omba mkalimani. Huduma hiyo hutolewa bila malipo. Usimtumie mtoto wako kama mkalimani katika jambo kama hili. Bima au karatasi za uhamiaji zisikucheleweshe: chumba cha dharura kinapaswa kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura awe nazo au asiwe nazo.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, kijiko cha fedha au kitunguu saumu hakionyeshi sumu? Hapana. Hakibadiliki rangi kwa amatoksini.

Kindi na konokono wameula, nasi tusile? Msile. Wapo wanyama wanaokula bila kudhurika uyoga unaomuua mwanadamu.

Programu ya simu imenitajia jina lake. Je, inatosha? Haitoshi. Picha haionyeshi kikombe kilicho chini ya udongo wala rangi ya vumbi la mbegu, na mara nyingi hizo ndizo alama zinazotenganisha chakula na sumu.

Ndugu zangu wamenitumia uyoga mkavu kutoka nyumbani. Niule? Kwanza, chochote cha chakula unachobeba kitangazwe kwa maofisa wa forodha, Dulles au kwingineko. Kukitangaza si kosa, kukificha ndilo kosa. Pili, uliza ni nani aliyeuchuma na kama yeye mwenyewe ameula kutoka fungu hilo hilo. Uliovunjika vipande, uliochanganywa au usiojulikana mchumaji wake, ni bora uuache.

Mama mkwe alichuma uyoga kwa miaka 50 na hakuwahi kukosea. Kwa nini asichume hapa? Kwa sababu hajakosea katika msitu anaoujua. Miaka hiyo 50 ilimfundisha uyoga wa kule, na huu wa hapa haumo katika somo hilo. Mheshimu kwa kumpa kazi ambayo ujuzi wake bado unafaa: kuchagua uyoga mzuri dukani, kukata vipande sawa, kusikiliza sauti ya kipande kinachovunjika, na kuwafundisha wajukuu mapishi yake.

Tafadhali bandika ukurasa huu ndani ya mlango wa kabati unamoweka chupa zako, na uandike namba 1-800-222-1222 katika simu ya kila mtu mzima wa nyumba yako leo.